Fundi wa Kila Alhamisi

Fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki la ofisi ya watu. Tai ya kuombea kazi alikuwa ameitupa begani isilowe. Hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyemwita.

"Mzee, umekuja kumwona bosi au kumwona panya?" Katibu aliuliza kutoka mlangoni.

"Bosi. Panya tumekutana tu."

Hii ilikuwa Alhamisi yake ya saba. Kiwanda alichokitumikia miaka thelathini kilikuwa kimefungwa, naye akatoka na cheti cha shukrani na maumivu ya mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na nane, ingawa kwenye barua za maombi aliiandika kwa mwandiko mbaya. Tumaini lililobaki lilikuwa bosi wa jengo hili, ambaye zamani alikuwa chini yake kiwandani. Fundi ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi.

Nyumbani, ushauri ulikuwa wa aina mbili. "Mtu mzima hamgandi mwenzake kama kupe," mkewe alimwambia. "Tulia, atakuita." Shemeji yake akapinga: "Ukitulia watakusahau kama mwavuli wakati wa jua. Mkalie kooni!" Shemeji mwenyewe alikuwa amewakalia watu kooni miaka mitatu na kazi hajapata.

Fundi akachanganya dawa zote mbili. Atakwenda kila Alhamisi, atakaa kimya kwenye benchi, saa sita ataondoka. Mjukuu alipomuuliza, "Babu, kwani kazini kwako mnakwenda siku moja tu?" alijibu kwamba wakubwa ndivyo walivyo.

Shida ni kwamba kukaa kimya hakukuwa fani yake. Ukimweka fundi mbele ya kitu kibovu ukamwambia asubiri, ni sawa na kumweka paka mbele ya samaki umwombe aangalie tu. Na jengo lile lilikuwa bovu kwelikweli. Alhamisi ya kwanza alikaza bawaba za mlango uliokuwa ukilia kama mbuzi. Ya pili, benchi lenyewe. Kisha swichi, kitasa cha choo, feni, madirisha. Bisibisi aliificha kwenye mfuko wa ndani wa koti, pamoja na wasifu wake. Katibu alijifanya haoni, maana ile feni ilimpuliza na yeye.

Leo tu ndipo Katibu alipopata woga kidogo. "Mzee, bosi kabla ya kusafiri alisema hilo bomba lisiguswe. Na vingine vyote."

"Bahili tangu zamani," Fundi akajibu, akikaza. "Huyo hata penseli alikuwa anaazima. Bado yuko makao makuu?"

"Bado. Mwezi wa pili sasa, anahangaikia bajeti. Jumatatu anarudi na wakubwa, wanakuja kukagua jengo."

Fundi akatabasamu mbele ya panya. Simu yake ilikuwa na ujumbe mmoja tu wa bosi, wa miezi miwili iliyopita: "Mwalimu wangu, vuta subira, nakushughulikia." Maneno anayoambiwa mtu asiyeshughulikiwa. Basi wakubwa na waje. Watakuta jengo linafanya kazi kama saa, watauliza ni nani, Katibu atamtaja. Mkewe atasema ni subira, shemeji atasema ni ung'ang'anizi, yeye atakuwa na mshahara.

Akazungusha mara ya mwisho. Bomba likanyamaza.

Alhamisi ya nane bosi alitoka mwenyewe kumpokea. Alimkumbatia, akamketisha kwenye benchi lisiloyumba. Fundi akanyoosha tai.

"Nasikia mlikuwa na wageni," alisema, kama mtu asiyejua lolote.

"Walikuja, Mwalimu. Wakafungua bomba, wakavuta milango, wakawasha feni. Kila kitu kizima." Bosi alikuwa akitazama bawaba za mlango. "Walisema nafasi ya fundi hawaitoi mpaka waone ubovu kwa macho yao. Miezi minane, Mwalimu, nimeuatamia ubovu ule kwa ajili yako."