Nani Alipanda Alizeti Pori?

Wewe unayesoma, hebu nikutegee: nina mgeni hakualikwa, kavaa kofia ya njano, kila mwaka namkata kichwa na kila mwaka anarudi na ndugu zake. Ni nani? Umeshindwa. Basi nipe mji. Umenipa Morogoro? Nimekwenda, nimekula ndizi zake, nimerudi. Ni alizeti pori, lile ua la kando ya barabara lisilojua kiangazi wala adabu.

Misimu mitatu sasa ua hilo lilikuwa limeumeza mteremko wote wa Bi Chausiku, kule milimani juu ya Mzinga. Shamba lilikuwa la mama yake, na la mama wa mama yake, na kwa desturi ya Waluguru lingekuwa la mjukuu wake, Yasmin. Lakini palipokuwa na maharage sasa palikuwa na vichaka vilivyompita kimo. Masika ilikuwa inabisha hodi. Asipopanda mwaka huu, wangekula kwa kuomba.

Mara tatu alikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mikidadi, kuomba msaada wa watu. Mara tatu Mwenyekiti alimjibu huku akichokonoa meno, "Hilo pori ni la ukoo wako, bibi. Kijiji hakihusiki."

Jumanne akafika afisa kutoka mjini, dada mmoja aitwaye Jesca, buti miguuni, kamera shingoni. Akayapiga maua picha, akaupima mteremko, akamwamkia Bi Chausiku vizuri na kumsomea karatasi yenye muhuri. Kisha akauliza, "Bibi, nani aliyapanda haya?"

"Ngoja niulizeulize, mwanangu. Njoo Alhamisi."

Alasiri ile ile Bi Chausiku akapita ofisi ya kijiji.

"Mwenyekiti, watu wa mjini wanamtafuta aliyepanda yale maua. Wana fomu. Ina mahali pa jina, pa sahihi na pa picha."

Mikidadi akakitoa kijiti mdomoni. "Picha? Kwani wanampa nini?"

"Mh! Wana haraka naye," akasema Bi Chausiku, akakaza khanga yake, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi mteremko ulijaa watu kama kuna msiba. Mwenyekiti alikuja na koti lake la harusi, na kibao ambacho rangi haijakauka: MRADI WA MAUA, MWASISI MIKIDADI. Mtu aliyemaliza mwaka mzima bila kumwamkia Bi Chausiku, siku hiyo alimpa shikamoo mbili, ya pili kwa sauti, ili mgeni asikie.

Nyuma yake akaja anahema Mwalimu Severin, mstaafu aliyeoa pale pale kijijini. "Shemeji zangu, msidanganywe! Mbegu nilileta mimi, ndani ya soksi, kutoka Kingolwira!"

"Soksi ipi? Wewe ulikuja hapa pekupeku!" Mwenyekiti akamrukia. "Haya maua nimeyapanda mimi, mwaka tisini na tano, kwa mikono yangu hii. Nimeyamwagilia. Nimeyaimbia!"

"Tangu lini ukashika jembe wewe?" mama mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko.

"Nyamazeni, kuna wageni!"

Jesca alimtazama Mwenyekiti kama mtu aliyeokota asichokitarajia. "Kwa kweli, kote nilikopita hakuna aliyekubali," akasema. "Mwenyekiti, una hakika? Ukishasaini, hakuna kurudi nyuma."

"Nina mashahidi, dada yangu."

Mashahidi wakajitokeza wawili, mmoja wao hata kuzaliwa hakuwa amezaliwa mwaka huo alioutolea kiapo. Mwalimu Severin, kuona mambo yanampita, akaomba angalau aandikwe msaidizi. Akaandikwa. Mwenyekiti akasaini, akaongeza na dole gumba kwa usalama, akasimama katikati ya maua kupigwa picha, kidevu juu.

Yasmin, mtoto mgongoni, akamnong'oneza bibi yake. "Bibi, si ndiyo wanalichukua shamba letu hivyo? Mbona husemi kitu?"

"Mwache kwanza apige picha, mjukuu wangu. Asije akatoka amefumba macho."

Jesca akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akafunga zipu. Ndipo Mwenyekiti akavuta koti lake likae sawa na kumgeukia mwenye shamba.

"Haya sasa, Bi Chausiku. Juzi nilikuuliza hukunijibu. Huyo aliyepanda, wanampa nini?"

Bi Chausiku akampangusa vumbi begani, taratibu, kama mama anayemtoa mwanawe kwenda shule.

"Siku thelathini, baba," akasema, "za kuyang'oa yote, na mizizi yake."