Nyota Juu ya Kidole Gumba

Nyota ya kwanza ilitokea juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Mwoka mikate alikuwa amelala chali, macho makavu, moyo ukitwanga kama mchi wa mtu mwenye haraka. Mama mkwe wake alikwisha kuliziba dirisha kwa blanketi mbili, maana mwanga wa nje ulimnyima usingizi. Chumba hakikuwa na dari, na kilikuwa cheusi kama ndani ya chungu. Ndipo akaiona: ndogo, nyeupe, imetulia pale bati lilipotoboka.

"Asante, Baba," akanong'ona. Maana hicho ndicho alichokiomba.

Tangu apewe usimamizi wa tanuri zamu ya usiku, hofu zilimhamia kama wageni wasiouliza njia ya kurudi kwao. Je, unga umetiwa chumvi? Je, gesi imefungwa? Je, mumewe, fundi wa mabati, atashuka paani kwa ngazi au kwa kichwa? Kwa kukosa usingizi alikwisha kuunguza mikate mara mbili, mtaa mzima ukanywa chai kavu asubuhi. Mwenye bekari, mama mmoja wa sauti ya taratibu, akamwambia ya tatu itakuwa ya kuagana.

Basi akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwelekeza kwamba kila anapolala atazame nyota, achague moja, aikabidhi hofu moja, kisha amwachie Mungu, anayezijua zote kwa majina na hajapoteza hata moja.

"Mchungaji, mimi nikilala nyota hakuna."

"Omba," akasema mchungaji. "Mawingu hayana mkataba wa kukaa."

Mama mkwe aliposimuliwa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mungu ana kazi nyingi, mkwe wangu," akasema. "Leo umtwishe na trei zako?"

Lakini nyota zilikuja. Wiki ile zikawa nne, iliyofuata zikawa saba. Ile ya kidole gumba akaipa tanuri. Iliyo karibu na boriti akaipa gesi. Ile kubwa akaipa mume pamoja na ngazi yake. Kabla hajafika ya saba alikuwa anakoroma. Mikate ikatoka na rangi ya asali, na mwenye bekari akamuuliza anakunywa dawa gani.

Aliyeumia ni fundi. Yeye na mkewe walikutana mlangoni tu, huyu akiingia yule akitoka, kama ndoo mbili za kisima kimoja, na kila mara habari ilikuwa ile ile: bati limetoboka tena. Mabati yenyewe aliyanunua yakiwa yamekwisha kutumika, yana matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu aliliziba kwa lami kwa mkono wake mwenyewe. Lami ile, aliapa, ingemzika yeye kwanza.

"Mfinyanzi hulia gaeni," mama yake akawatangazia majirani, amejiegemeza kwenye fagio lake la mti mrefu. "Nyumba za watu hazivuji, ila mimi niliyemzaa ndiye nitakayetegesha mabeseni mvua ikija."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Mkewe alimsihi aziache nyota zake, fundi akajibu kwamba nyota hazizuii mvua. Jumapili, walipotoka kanisani, akapanda na kopo la lami akaziba zote saba.

Jumatatu ikawa giza tupu. Mwoka mikate akaitafuta ile ya kidole gumba, wapi. Moyo ukaanza kutwanga. Trei ya tatu ikamjia machoni, nyeusi, inafuka moshi, na mwenye bekari kando yake anamuaga kwa upole. Akakunja mikono akaomba hivyo hivyo, kama mtu anayezungumza na aliyejifunika shuka gubigubi: hamwoni, lakini anajua yupo.

"Baba, hata usipowasha taa, najua uko nyumbani."

Usingizi ukaja. Mwembamba, wa kuazima, lakini ukaja. Na mikate haikuungua.

Jumanne nyota mbili zilikuwa zimerudi. Jumatano zikawa tano. Juu ya shuka palikuwa na vipande vidogo vyeusi. Mama mkwe akavikung'uta, akasema ni mavi ya panya, na kwamba panya wa nyumba hii wamekosa adabu siku hizi.

Fundi alishika kichwa. Akapanda, akashuka, akanusa kopo la lami, akasema anakwenda kugombana na aliyemuuzia. Mama yake akamwambia aende, tena asimwonee haya.

Alhamisi, fundi akiwa kwenye ugomvi huo, mama mkwe alisukuma mlango wa chumba polepole. Mkwewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kidole kimoja bado kimeelekea paani kama mtu aliyekatizwa akihesabu. Mama akavua kandambili, akapanda juu ya kigoda, akainua mti wa fagio na kuisukuma lami ya tundu la sita, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mkubwa. Mwali mwembamba wa jua ukadondoka juu ya blanketi.

"Mengine malizia mwenyewe, Baba," akanong'ona; kisha akashuka, akatoka mbio kuwanyamazisha watoto wa shule waliokuwa wakipita dirishani kwenda kula chakula cha mchana.