Boksi la Kuagwa

Miaka thelathini Mbwilo aliwamiminia wageni wa hoteli waini kidogo, kisha akasubiri waonje na kuitikia kwa kichwa. Mwenyewe hakuwahi kuionja. Alipostaafu walimuaga kwa boksi la waini nyeupe, ile ya bei rahisi waliyopikia samaki.

Mkewe akatandika kitambaa cheupe, akafungua kibomba cha boksi, akammiminia funda moja. Akasimama kando, taulo mkononi, kama mumewe alivyomsimulia kuhusu kazi yake.

Mbwilo akaonja. Ilikuwa kali, chachu, ikamkwaruza koo.

“Vipi, Baba Tulizo? Nzuri?”

Kule hotelini, kila wageni walipoikataa waini, yeye ndiye aliyeinama kuomba radhi.

Akaitikia kwa kichwa.

Mkewe akatabasamu, akaijaza glasi mpaka ukingoni, akabaki amesimama, akimsubiri anywe.