Bangili ya Malkia

Siku hizo kila mwanamke alivaa bangili iliyomzuia kubeba kitu kizito kuliko beseni la nguo. Wanaume walisema ni heshima, na walisema kwa moyo mweupe.

Tupokigwe alikuwa jikoni aliposikia mama yake akianguka bafuni. Alimkuta sakafuni, uchi, mguu umeteguka. Akampitishia mikono kwapani, akajaribu kumwinua. Mikono hiyo iliwahi kubeba magunia ya viazi. Sasa bangili ilitetemeka, na vidole vyote vikalegea.

"Pumzika, malkia," bangili ilisema kwa upole. "Mumeo anakuja."

"Asije!" mama alilia. "Mkwe hajawahi kuniona hata nikila, leo anione hivi? Niinue wewe, mwanangu."

Alijaribu tena, vidole vikalegea tena. Akavua kitenge chake, akamfunika. Hakikutosha.

Asajile aliingia mbio, akafumba macho, akambeba mama mkwe wake hadi kitandani. Kisha akamfuta mkewe machozi. "Ungeumia mgongo, mpenzi," alisema, akaibusu ile bangili.

Alipotoka, mama aligeukia ukutani.

"Mwanangu," alisema, "ukisikia nimeanguka tena, usije."