Koti la Msimamizi

Katika kiwanda cha sare za shule, Bi Mashavu alikuwa ameshawafundisha watu watatu kukata kitambaa, na wote watatu wakaja kuwa wakubwa wake. Na ni yeye aliyemshonea kila mmoja wao koti la bluu la usimamizi, kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja meneja akamletea wa nne, mpwa wake Hilali, mrefu kama mlingoti wa bendera.

“Bi Mashavu, mfundishe huyu. Jumatatu anaanza usimamizi. Na koti lake, kama kawaida.”

“Haya, mwanangu.”

Alimfundisha vizuri, asije mtu akasema.

Jumatatu wafanyakazi wote wakaitwa wapige makofi. Hilali akavaa koti. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko vyake, na tumboni likampwaya.

“Bi Mashavu, ulimpima nani?” meneja akauliza.

“Anayeijua kazi. Hayo mengine matatu ndiyo niliyokosea kipimo.”

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Hilali akalivua, akampa mjomba wake. Meneja akabaki amelishika mabegani, likining’inia mbele yake, fupi na pana, sawasawa na Bi Mashavu. Cherehani zote zilikuwa kimya, zikimngoja meneja aamue.