Isnino Akagua Gari

"Mwambie hii kiti inaniuma mgongo," Isnino alisema, akajifungia mlango wa gari akiwa ndani.

Yattani, ndugu yake, alikuwa ameinama dirishani. Akayachukua maneno hayo hatua kumi hadi kwenye ua wa miiba, ambako Jillo alisimama akiwapa mgongo. Jillo ndiye mwenye gari, na ndiye aliyekuja kumchukua Talaso, binti wa Isnino, akamwoe. Kwa hiyo hakuruhusiwa kusema na Isnino wala kumtazama usoni. Na kuketi naye ndani ya kibati kidogo kama kile, bega kwa bega, hilo lingesimuliwa mtaa mzima wa Bula Pesa mpaka kwa wajukuu. Mkwe ni mkwe.

Jillo aliiambia miiba kwamba kiti kinasogea, kuna chuma cha kuvuta hapo chini.

Isnino akakisogeza nyuma. Akakirudisha mbele. Akakilaza, akakiinua, akasema afadhali, lakini bado.

Zamani mama wa bibi arusi alikagua matandiko ya ngamia atakayembeba mwanawe, akashika kila kamba, na hakuna mwanamume aliyefungua mdomo. Sasa ni mwaka wa sabini na nane, na ngamia amekuwa gari dogo jeupe, milango miwili ubavuni na wa tatu nyuma, unaoinuliwa juu kama kifuniko cha sanduku. Mila haikusema lolote kuhusu magari. Isnino aliamua kwamba imesema.

Talaso alikuwa na miaka kumi na minne. Jillo alikuwa rika moja na baba yake, na huko Sericho alikuwa na wake wawili tayari. Nikahi ingesomwa hukohuko jioni, mbele ya baba yake Jillo, mzee asiyeweza tena kusafiri. Isnino alikuwa amelia mwezi mzima. Alimlilia mumewe, akawalilia shemeji zake, akawalilia wazee, na wote walimjibu kwamba ngamia wa mahari wameshapokelewa na neno limekwisha. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ulimwenguni kote hakubakiwa na kitu cha kushikilia ila kile kiti.

Mbele yake, karibu na usukani, palikuwa na saa ndogo ya mviringo. Akauliza kama inasema kweli. Jillo alijibu kwa fahari kwamba haidanganyi, yeye huirekebisha kila asubuhi kwa redio. Basi Isnino, ambaye hakusoma, akataka kufundishwa kuitazama. Yattani akaingiza kichwa, akamwonyesha: sasa ni saa mbili na nusu, na mshale mfupi ukipanda hadi pale juu, upande wa kushoto, itakuwa saa nne.

"Mwambie mama tumechelewa," Jillo akasema. "Barabara ya Sericho si mchezo."

Isnino alijibu kwamba ndiyo maana anakagua. Akataka kuona nyuma.

Hapo ikawa kazi. Nyuma hakukuwa na mlango wa abiria. Ilibidi kiti cha mbele kikunjwe, naye ajipenyeze na shuka zake zote, magoti kifuani. Alipoketi akagusa kioo cha pembeni. Hakikufunguka.

"Mtoto atakaa huku," alisema polepole. "Akitaka kushuka, atapita wapi?"

Yattani akapeleka swali.

"Atashuka Sericho," Jillo akajibu.

Jua lilikuwa limeshachoma paa la gari. Nyumbani wanawake walikuwa wakiimba nyimbo za bibi arusi kwa sauti za kupasua vifua. Hakuna mwanamume angeingia humo kabla mama hajasema safari iko tayari, na mama hakusema. Alitaka kile kigodoro cha kitanda chake kiletwe kitandikwe. Kilipotandikwa, kichwa chake kikagonga paa, akataka kitolewe. Akataka mlango wa nyuma uinuliwe aone kama mitungi miwili ya maji itaenea. Ilienea. Akauliza kama itaenea mitatu. Akafungua kisahani cha majivu, akanusa, akaomba kioshwe kwa sabuni, maana mwanawe hawezi harufu ya tumbaku.

Wanaume walicheka, kisha wakachoka kucheka. Mumewe alikuja mara mbili kumtoa kwa nguvu, macho mekundu kwa aibu. Mara zote mbili Jillo, bila kugeuka, aliomba mama asiguswe. Alikuwa na adabu zake, mtu yule, na Isnino alimchukia hata kwa hizo.

Akarudi kiti cha mbele. Sasa hakuwa na jipya la kuuliza. Alivuta mshipi, akaupima kifuani, akauachia, akauvuta tena. Yattani akamwona, akamwambia kwa upole kwamba kila mama hupitia siku hii, na akishuka yatakuwa yamekwisha.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," alisema. "Kidogo tu."

Mshale mfupi ulipofika pale juu kushoto, Isnino alifungua mlango. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi Yattani amshike mkono. Kule uani Jillo alisikia mlango, akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuta ufunguo mfukoni.

"Mwambie gari yake ni nzuri," Isnino alisema. "Na mwambie Talaso alitoka na lori ya ngozi saa moja. Saa hii ako shule, Nanyuki."