Koti la Lucius Tolbert

"Usikate, binti. Nakuomba sana, usikate," Mzee Skeeter alisema, na simu ikakatwa.

Akaikodolea macho ile simu kama mtu anayemwangalia mbwa aliyemng'ata. Akabonyeza tena namba za redio. Kuku wake wa Jumapili alikuwa keshapoa kwenye sahani, makaroni yameshikana kama gundi, na yeye hata uma hajashika.

Redioni, Mjomba Win alikuwa anakaribia kufunga kipindi chake cha nyimbo za zamani, zile za vijana waliosimama kona ya mtaa bila gitaa wala ngoma, mmoja ananguruma chini, mwingine anapaa juu, wengine katikati wanajaza du-wap, du-wap mpaka wapita njia wanasahau walikokuwa wanakwenda.

"Tutafunga na 'Washa Taa, Earlene'," Mjomba Win alisema kwa ile sauti yake ya mafuta mafuta. "The Corduroys, watoto wa hapa hapa Philadelphia Kaskazini. Na ile sauti ya juu, ile inayokusimamisha nywele za kisogo, ni ya mtoto Lucius Tolbert. Kaimba santuri hiyo moja, akanyamaza maisha yake yote. Kwa nini? Hakuna ajuaye."

"Uongo," Skeeter akaiambia redio. "Kila Jumapili uongo ule ule."

Dada yake Odessa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, skafu shingoni, begi la hospitali miguuni. Kesho asubuhi anaingia kwenye kisu, uvimbe wa shingoni utolewe, na daktari hakumficha: akiamka, huenda asiongee tena kama alivyozoea. Skeeter alikuwa amemwahidi kwamba kabla hajaenda, redio itasema ukweli kuhusu ule wimbo, naye atausikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Kula, mdogo wangu," Odessa alisema. "Watu wameshazoea hivyo."

"Wamezoea vibaya."

"Kichwa kigumu kama mama yako."

"Mama yako pia."

Simu ikapokewa. Yule binti wa redio akashusha pumzi. "Wewe tena, babu?"

"Mimi tena. Wiki iliyopita nilikutajia jina langu kamili, ukacheka mpaka ukakata. Leo silitaji. Niite Skeeter, yaani Mbu, ndivyo wanavyoniita mtaani tangu utoto kwa miguu yangu myembamba."

"Haya, Skeeter. Na wewe ndiye uliyeimba ile sauti ya juu. Tunao wengi wa namna hiyo."

"Sijasema ni mimi. Nimesema si Lucius."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Basi akamweleza harakaharaka, jicho kwenye saa ya ukutani. Wale vijana walikuwa wanafanya mazoezi chooni shuleni, kwa sababu vile vigae vinarudisha sauti tamu, hata mwimbaji mbaya anajiona malaika. Walizoea mpaka mlinzi wa shule akawa anasimama mlangoni na fagio lake, anasikiliza, ndipo awafukuze. Halafu ikaja siku ya kurekodi, na asubuhi hiyo Lucius kufungua mdomo, sauti imevunjika. Juzi alikuwa ndege, leo anakwaruza kama bawaba ya geti. Mwenye studio alishasema anataka wavulana watano, na hana siku nyingine ya kuwapa. Ikabidi mtu avalishwe koti la Lucius, lile la kodrai, kitambaa cha mistari kilichowapa jina, mikono imepita vidole, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akasimama nyuma kabisa, akaimba. Fundi mitambo hakuinua hata macho.

"Hadithi nzuri," binti alisema huku anatafuna jojo. "Subiri hapo."

Akamwacha na tangazo la magodoro. Likaisha, likaanza upya. Na kwenye redio wimbo wenyewe ukawa umeshaanza, umefika katikati, umepanda pale juu, na Odessa amefumba macho. Skeeter akapiga meza kwa kiganja mpaka sahani ikaruka.

"Magodoro," alisema. "Mtu mzima nauziwa magodoro."

"Shusha presha," Odessa akamwambia. "Kesho wasije wakatulaza wawili."

Wimbo ukaisha. Mara, ndani ya sikio lake, ile ile sauti ya mafuta mafuta: "Tuko hewani na mzee mmoja, anasema tumedanganywa miaka yote hii. Upesi, bwana mkubwa, muda umekwisha. Hakuimba Lucius Tolbert?"

"Hakuimba."

"Basi ni wewe. Tupandishie pale juu, kidogo tu, tukuamini."

"Siwezi."

"Hawezi." Mjomba Win akacheka, na ilikuwa kama Philadelphia nzima inacheka naye. "Huwezi tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu asubuhi ile ile ya kurekodi."

Kicheko kikapungua. Odessa alikuwa ameinuka kitini. Akaja mpaka mezani, akaizima redio isirudishe mwangwi, akaanza kufungua skafu yake taratibu.

"Tutajie basi jina lako," Mjomba Win alisema, "tufunge kipindi."

"Naitwa Lucius Tolbert," mzee akajibu. "Na huyu hapa, dada yangu Odessa, ndiye aliyevaa koti langu."

Akamsogezea simu mdomoni.